KUZISOMA PICHA ZA MAISHA YA ASKARI KAMBINI

Somo la historia kwa wanafunzi na kwa wale waliokwisha kutoka shuleni

Kila mwenye macho aweza kuitazama picha, lakini si kila mwenye macho aweza kuisoma. Kuitazama ni kusema, "Hawa ni askari, na huyu ni mjomba wangu." Kuisoma ni kuuliza: ni nani aliyeipiga, kwa ajili ya nani, mwaka gani, na ni jambo gani ambalo halikutiwa ndani yake. Picha ni shahidi. Na kama ilivyo barazani, shahidi asiyeulizwa maswali husema lile tu alilotaka kusema.

Katika somo hili tutajifunza kuzisoma picha za namna moja, yaani zile zinazoonyesha maisha ya kila siku ya askari kambini. Nimezichagua kwa sababu sisi wa Mbarara na Isingiro tunaishi jirani na kambi ya jeshi. Aghalabu katika nyumba zetu, za wenyeji na za wakimbizi wa Nakivale vile vile, imo picha moja au mbili za mtu aliyevaa sare. Wazee wanaoweza kutuambia habari za picha hizo wanapungua kila mwaka.

1. Kambi ilivyokuwa

Kwanza yatupasa kujua kambi ni nini. Kikosi cha King's African Rifles, ambacho watu walikiita K.A.R., kiliundwa mwaka wa 1902 kwa kuunganisha majeshi madogo ya Waingereza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Batalioni ya 4 ilikuwa ya Uganda, na kambi yake kubwa baadaye ilikuwa Jinja. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, batalioni hiyo ikaitwa Uganda Rifles, na baada ya hapo likawa Jeshi la Uganda. Jeshi lilipokua, kambi nyingine zilijengwa, na mojawapo ni ya Mbarara, iliyokaa kikosi kilichoitwa Simba.

Maisha ya kambini yalikuwa na utaratibu usiobadilika. Tarumbeta ililia alfajiri. Askari wakaamka, wakatandika vitanda, wakasafisha vyumba, kisha wakaenda kwata. Baada ya kwata, kazi: kusafisha bunduki, kulima, kupika, kushona, kulinda lango, kujifunza kusoma. Jioni bendera iliteremshwa. Siku ya mshahara walipanga mstari mbele ya meza, kila mtu akiitwa kwa namba yake. Wengi waliishi na wake na watoto katika laini za nyumba ndogo ndani ya kambi. Kwa hiyo kambi ilikuwa pia kijiji, chenye kuku, nguo zilizoanikwa, na watoto wakicheza vumbini.

Maneno mengi ya kambi yalitoka nje yakaingia katika lugha ya watu wote. Posho, kwa asili, ni chakula au fedha anayopewa mtu kwa kazi yake. Lakini kwa kuwa unga wa mahindi ndio uliokuwa chakula cha askari na vibarua, leo mtu wa Uganda akisema posho ana maana ya ugali wenyewe. Kadhalika neno afande latokana na efendi, neno la Kituruki lililopita Misri na Sudan. Katika K.A.R. efendi kilikuwa cheo cha Mwafrika aliye juu ya sajini lakini chini ya ofisa Mwingereza. Idi Amin, aliyeingia K.A.R. mwaka wa 1946 akiwa msaidizi wa mpishi, alipewa cheo hicho mwaka wa 1959.

2. Swali la kwanza: Ni nani aliyepiga, na kwa ajili ya nani?

Picha za askari zilizobaki Uganda zimetoka katika mikono ya namna tatu.

(a) Mkono wa serikali. Wakati wa Vita ya Pili, 1939 hata 1945, zaidi ya watu 70,000 wa Uganda waliingia jeshini. Askari wa Afrika ya Mashariki walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Jeshi lilikuwa na wapiga picha wake, na pia gazeti la Kiswahili lililoitwa Askari, lililotolewa Nairobi. Picha zilizochapwa humo zilionyesha askari wakicheka, wakila vizuri, wakijifunza ufundi. Hazikuwa za uwongo. Watu hao walikuwapo, na chakula hicho kililiwa. Lakini zilichaguliwa ili nyumbani watu wasiogope, na vijana wengine wapende kuandikishwa.

Baada ya uhuru kazi hiyo iliendelea. Wizara ya Habari ya Uganda ilikuwa na wapiga picha waliomfuata Rais, mawaziri na jeshi kila mahali. Mwaka wa 2015 yaligunduliwa katika Shirika la Utangazaji la Uganda, yaani U.B.C., makabati yenye negativu zao, zipatazo 70,000, zilizopigwa tangu mwisho wa miaka ya 1950 hata miaka ya 1980. Nyingi hazikupata kamwe kuchapishwa. Kuanzia mwaka wa 2018 U.B.C. pamoja na Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Western Australia walizisafisha na kuziingiza katika kompyuta, na mwaka wa 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala.

(b) Mkono wa mpiga picha wa mji. Huyu alilipwa na mtu mwenyewe. Askari akipata likizo alikwenda mjini na sare yake iliyopigwa pasi, akasimama mbele ya pazia, akapigwa picha ya kumpelekea mama yake. Ankole alikuwapo Musa Katuramu, aliyepiga picha za watu wa nchi hii kwa miaka mingi katikati ya karne ya 20. Picha zake zimeonyeshwa tena katika miaka yetu na mradi wa History in Progress Uganda, ulioanza mwaka wa 2011.

(c) Mkono wa askari mwenyewe. Kamera ndogo za bei nafuu zilipoenea, askari walipigana picha wao kwa wao: wakinyoana, wakicheza bao, wakifua nguo. Hizi aghalabu hazina ustadi. Kichwa kimekatwa, au jua limeingia katika kioo. Walakini ndizo zinazoonyesha yale ambayo mikono miwili ya kwanza haikuyajali.

Ukijua mkono, umejua nusu ya picha. Serikali hupiga picha ya jeshi. Mpiga picha wa mji humpiga mtu kama atakavyo kuonekana. Askari humpiga rafiki yake.

3. Swali la pili: Picha yasema nini yenyewe?

Hapa ni kazi ya macho na subira. Usianze na uso, kwa maana uso hukuvuta ukasahau mengine. Anza miguuni ukapande juu.

Miguu. Askari wa K.A.R. wa zamani walitembea miguu mitupu, huku wamezungushiwa vitambaa kutoka kifundoni mpaka chini ya goti. Buti zilienea wakati wa Vita ya Pili. Basi askari asiye na viatu katika gwaride si lazima awe maskini kupita wengine; yawezekana picha ni ya kale.

Mikono. Tazama tepe. Tepe moja ni lans-koplo, mbili ni koplo, tatu ni sajini. Ukiwa na picha mbili za mtu mmoja, tepe zitakuambia ipi ilitangulia.

Kichwa. Tarbushi ni alama ya K.A.R. Kofia pana iliyokunjwa upande mmoja ilivaliwa na askari wa Afrika ya Mashariki katika Vita ya Pili, hasa Burma.

Bendera. Bendera yenye milia ya nyeusi, manjano na nyekundu, na korongo katikati, ilipandishwa mwaka wa 1962. Picha inayoionyesha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Maandishi. Soma kila herufi iliyo ukutani au garini. Herufi zikisomeka kinyume, jua kwamba negativu iligeuzwa wakati wa kuchapwa, na kila kitu kilichoonekana kushoto kilikuwa kulia.

Vivuli. Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, jua la adhuhuri hukaa karibu juu ya utosi. Kivuli kirefu maana yake ni asubuhi au jioni. Kivuli kifupi ni mchana.

Sasa tujaribu. Tuseme umepewa picha isiyo na maandishi. Askari watatu wako kwenye bomba la maji. Wawili wanafua, wa tatu ameinua mkono kama anayemkataza mpiga picha, lakini anacheka. Shati zimetundikwa ukutani, na moja ina tepe mbili. Nyuma yuko mwanamke mwenye mtoto mgongoni, hakutazama kamera. Vivuli ni virefu. Twasoma nini? Ni asubuhi au jioni, nje ya saa za kwata. Mmoja wao ni koplo, au shati ya koplo imefuliwa nao. Anayecheka anamjua mpiga picha. Basi pengine ni mkono wa tatu, wa askari mwenzao. Mwanamke anatuambia kwamba kambi hii ina laini za wenye ndoa. Mwaka hatuujui, wala hatupasi kuubuni. Kusema "bado sijui" ni sehemu ya elimu.

4. Swali la tatu: Ni nini kisichoonekana?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ndilo linalotofautisha mwanafunzi wa historia na mtu anayefurahia picha tu.

Fikirini Jinja, Januari 1964. Ukizitazama picha za gwaride la miaka ya kwanza ya uhuru, utaona mistari iliyonyoka na vifungo vinavyong'aa. Hakuna picha ya gwaride inayoonyesha mshahara mdogo. Hata hivyo tarehe 23 Januari 1964 askari wa Jinja waliasi. Walitaka mshahara uongezwe na maofisa Waingereza waondolewe. Waziri Felix Onama alipokwenda kusema nao walimzuia kambini, hata akakubali nyongeza. Siku tatu kabla, askari wa Tanganyika walikuwa wameasi vivyo hivyo, na siku iliyofuata wakafuata wa Lanet nchini Kenya. Katika nchi zote tatu askari wa Uingereza waliitwa kutuliza maasi. Sababu zake zilikuwa zikikua kambini siku zote ambazo picha nzuri zilipigwa.

Mfano wa pili ni wa mji wetu wenyewe, na ni wa huzuni. Idi Amin alitwaa serikali tarehe 25 Januari 1971. Katikati ya mwaka huo askari wengi wa makabila ya Acholi na Langi waliuawa na askari wenzao katika kambi mbalimbali, na Mbarara ilikuwa mojawapo. Habari zilivuja. Mwezi wa Julai Wamarekani wawili walikuja Mbarara kuuliza: Nicholas Stroh, mwandishi wa magazeti, na Robert Siedle, mwalimu katika chuo cha Makerere. Hawakurudi. Jaji David Jeffreys Jones alipewa kazi ya kuchunguza, na katika taarifa yake, iliyotolewa mwaka wa 1972, aliona kwamba waliuawa na watu wa kikosi cha Simba.

Fikirini maana yake. Watu wawili walikuja kutazama mambo ya kambi bila kuongozwa, wakauawa kwa kuuliza. Katika miaka iyo hiyo wapiga picha wa serikali walikuwa wakifanya kazi kila siku, wakijaza makabati yale ya U.B.C. Humo mna Rais akicheza, Rais akihutubia, askari wakipanga mistari. Mauaji hayamo. Waliotayarisha maonyesho ya mwaka wa 2019 walijua jambo hili, na ilikuwa taabu yao kubwa: waonyesheje picha zenye furaha za wakati ambao watu wengi waliuawa, bila kuwadhulumu waliokufa? Njia waliyoshika ni kuziweka karibu na habari za watu waliopotea, ili mtazamaji akumbuke kwamba macho ya kamera yalikwenda pale tu yalipotumwa.

Mbarara iliendelea kuteseka. Tarehe 17 Septemba 1972 wapiganaji waliotoka Tanzania walishambulia kambi ya Mbarara wakashindwa. Mwaka wa 1978 jeshi la Amin liliingia Kagera, nchini Tanzania, likaharibu na kuua; na Februari 1979 jeshi la Tanzania lilipoiteka Masaka na Mbarara, majengo mengi yalibomolewa kwa kulipiza kisasi. Nyumba zikibomoka, na masanduku ya picha hupotea. Basi picha ya kabla ya mwaka wa 1979 iliyosalimika Mbarara ni ya thamani kuliko mwenyewe anavyodhani.

5. Nakivale, na picha zilizovuka mpaka

Makao ya wakimbizi ya Nakivale yalianzishwa mwaka wa 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka wa 1960. Wa kwanza kukaa humo kwa wingi walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Tangu hapo wamefika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, katika nchi ya yapata kilomita za mraba 185, yenye sehemu tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Sokoni humo Kiswahili husikika kila siku, kwa kuwa ndicho kinachounganisha watu wa Kongo na Burundi na wengine.

Mtu akikimbia huchukua nini? Watoto, sufuria, blanketi, hati. Na mara nyingi, katikati ya hati, picha. Lakini picha ya mtu mwenye sare si kama picha ya arusi. Njiani yaweza kumwua aliyeichukua, kwa maana anayemkamata hutazama sare kabla ya kutazama uso. Wengi wamezichoma au kuzizika kabla ya kuvuka. Hata baada ya kufika kuna woga, kwa kuwa sheria ya wakimbizi yataka makao yao yawe ya raia. Askari aliyekimbia sharti aache silaha na uaskari ndipo ahesabiwe mkimbizi. Basi mjane akikuficha picha ya mumewe, usidhani ana jambo baya. Picha hiyo hiyo ndiyo pengine njia ya pekee ambayo mtoto wake ameuona uso wa baba.

Historia ya nchi hii imeonyesha pia jinsi kambi ya wakimbizi na kambi ya askari zilivyogusana. Vijana wengi wa Kinyarwanda waliokulia katika makao ya wakimbizi ya Ankole waliingia katika jeshi la N.R.A., lililoiteka Kampala Januari 1986. Mmoja wao alikuwa Fred Rwigyema, aliyekulia Nshungerezi na kupanda mpaka kuwa Naibu Waziri wa Ulinzi wa Uganda. Tarehe 1 Oktoba 1990 aliwaongoza wenzake kuvuka mpaka kuingia Rwanda, akauawa siku ya pili yake. Picha ya kijana wa namna hii katika sare ya Uganda yaweza kusomwa kwa njia tatu: askari wa Uganda, mtoto wa wakimbizi, au mtu aliyekuwa akijitayarisha kurudi kwao. Zote tatu ni kweli. Uso mmoja, sare moja, na hadithi tatu. Ndiyo maana picha peke yake haitoshi, hapana budi kuuliza watu.

6. Tufanye nini?

Kwa ninyi wanafunzi: mkienda nyumbani likizo, waombeni wazee wawaonyesheni picha. Ulizeni kwa adabu, nanyi mkubali kukataliwa. Usiandike mbele ya picha, wala usikandamize kalamu ya wino nyuma. Tumia penseli laini, andika kidogo pembeni: ni nani, wapi, mwaka gani, nani aliyesema, na siku aliyosema. Msiposhika hili la mwisho, mtakayemwachia hatajua kama ni habari ya aliyekuwapo au ya kusikia. Wekeni picha ndani ya bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na moshi na mchwa. Mkitaka kuipiga picha kwa simu, ombeni ruhusa kwanza, na msiipeleke kwa watu wengine kama mwenyewe hakupenda. Na picha za kambi ya leo msizipige kabisa bila idhini ya jeshi. Hilo ni kosa linaloweza kukutia taabuni, na pia si kazi ya somo hili.

Kwa ninyi wazee mliosoma hapa zamani, na hasa mliotumika jeshini: sisi twahitaji majina. Mistari ya watu arobaini gwarideni, na jina la ofisa peke yake chini yake, zimejaa katika vitabu. Yule wa tatu kutoka kushoto alikuwa na jina, na mama, na kijiji. Ninyi mkinyamaza, atabaki kofia na tepe. Kwa wale wa mwaka wa 1971 hata picha ya mwisho haikupigwa, na jina lililoandikwa kwa penseli nyuma ya picha ya zamani laweza kuwa kaburi lao pekee.

Maswali ya kujijaribu

1. Taja mikono mitatu iliyopiga picha za askari Uganda. Kila mmoja ulitaka kuonyesha nini?
2. Umeona picha ya askari mwenye tarbushi, na nyuma yake bendera yenye korongo. Je, waweza kusema nini juu ya mwaka wake? Ni jambo gani litakalokutatiza?
3. Kwa nini picha nzuri za gwaride la Jinja hazikuwaonya watu juu ya maasi ya 1964?
4. Mzee amekataa kukuonyesha picha ya ndugu yake mwenye sare. Toa sababu mbili zinazoweza kumfanya akatae, kisha andika maneno utakayomwambia kwa heshima.
5. Tafuta picha moja ya zamani kwenu, ya askari au ya mtu mwingine yeyote. Andika insha ya kurasa mbili: ukurasa wa kwanza, yale yanayoonekana, ukurasa wa pili, yale yasiyoonekana, na majina ya watu waliokuambia.